Wadau wa miziki ya magari Mwanza: besi inavuma tu, haigongi. Tatizo liko wapi?

#1 Ngosha_Mkolani
Mwangaluka wakuu.

Nina Toyota IST. Nimefunga sabufa moja ya inchi 12, koili mbili za ohm 4, ndani ya boksi la kununua lenye tundu. Amplifaya ni ya chaneli moja, juu wameandika wati 1200. Redio ni ile ile iliyokuja na gari kutoka Japani, maandishi yote Kijapani, kwa hiyo fundi kachukua siginali kwenye waya za spika za nyuma akapitisha kwenye kile kikopo cha kubadilisha siginali ya spika iingie kwenye amplifaya.

Kelele ipo, siyo kwamba haipo. Nikipita stendi ya Nyegezi watu wanageuka. Shida ni kwamba besi ikianza haiachii. Nikiweka amapiano nafurahi, ile besi ndefu inakaa vizuri. Nikiweka singeli inakuwa uji, mapigo yanashikana hujui hili limeishia wapi na lile limeanzia wapi.

Nataka besi kavu. Igonge kifua mara moja, inyamaze. Mafundi niliowauliza mjini kila mmoja ana lake: mmoja anasema nibadili boksi, wa pili anasema ninunue kapasita (kile kitunza umeme), wa tatu kaniambia gari dogo halitoi besi. Nani mkweli hapo?

#2 BoksiKwanza
Boksi. Watakaokuja na kapasita wapigie makofi wapite.

Boksi la tundu lina masafa lililotegewa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde (Hz). Yakifika masafa hayo, hewa ya kwenye tundu ndiyo inayopiga kazi, koni yenyewe (ule uso wa spika unaotikisika) karibu inasimama. Hapo ndipo panapovuma. Maboksi mengi ya dukani yametegwa juu, Hz 40 na kitu kwenda 50, ili mteja akijaribu palepale asikie kishindo atoe hela. Boksi lililozibwa lina hewa iliyofungiwa ndani, koni ikienda inarudishwa. Pigo likiisha limeisha.

Jaribio la bure: kunja sponji ya godoro, ziba hilo tundu likazike kabisa. Weka singeli ile ile. Rudi hapa utuambie.

#3 SatoMkavu
Sponji ya godoro la nani? Shemeji asije akalala kwenye chaga kwa ajili ya singeli.

#4 Kirumba_Sauti
Hii ndiyo kazi inayonilisha, ngoja niseme kidogo.

#2 unaonea boksi la tundu. Likipigiwa hesabu likategwa Hz 32 mpaka 35 linagonga vizuri tu, na linakupa sauti zaidi kwa wati zile zile. Asilimia kubwa ya magari yanayoletwa kwangu na malalamiko kama ya mleta uzi sijawahi kuhitaji msumeno. Nachukua bisibisi ndogo.

Mkuu Ngosha, nenda kwenye amplifaya yako uangalie vitu vitatu. Cha kwanza LPF, kile kichujio kinachopitisha sauti za chini tu, iko wapi. Ikiwa juu ya 120 sabufa yako inaimba mpaka sauti za wanaume, haiwezi kuwa kavu hata uifunge kwenye boksi la dhahabu. Iteremshe ikae 80. Cha pili, palipoandikwa BASS BOOST, rudisha sifuri. Ile huwa inainua Hz 45 tu, na ukiijaza desibeli 12 unaitaka amplifaya itoe nguvu mara 16 pale. Haina. Inakata mawimbi vichwa. Cha tatu, kwenye redio zima kitu chochote kinachofanana na LOUD.

#5 Ngosha_Mkolani
Asante mkuu. Nimetoka kuangalia sasa hivi na tochi ya simu. LPF haina namba, imeandikwa 50 upande huu na 250 upande ule, mshale uko katikati. Bass boost imejazwa mpaka mwisho. Redio ndiyo nimekwambia, Kijapani.

#6 SatoMkavu
"Imejazwa mpaka mwisho." Halafu tunatafuta mchawi.

#7 DeiwakaNyegezi
Nimekaa sana kwenye Hiace za mjini, nimeona miziki ya kila aina. Siri ni mbili. Inchi 12 ni nzito, inachelewa. Weka inchi 10, ni nyepesi, inakimbia na singeli. Na boksi liwe dogo kadiri inavyowezekana, koni ibanwe. Boksi kubwa ndilo linaleta uvivu.

#8 Teacher_Nyakato
Deiwaka, nakuheshimu ila hapo umechanganya vitu.

Kwanza hilo la inchi 10 kukimbia. Wimbo ukitaka Hz 50, koni ya 10 na ya 12 zote zinakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Hakuna anayemwacha mwenzake. Tena ya 10 ndiyo inayosafiri mbali zaidi kwenda na kurudi ili itoe sauti ile ile, maana ina eneo dogo la kusukuma hewa. Unachokisikia kama wepesi ni boksi lake na mahali ulipokata krosova, yaani mpaka wa masafa kati ya sabufa na spika nyingine.

Pili, boksi dogo. Kwenye boksi lililozibwa kuna namba inaitwa Qtc. Inaonyesha spika na boksi kwa pamoja vinanyamaza upesi kiasi gani. Unaipata hivi: chukua Vas ya spika (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa spika) ugawe kwa ujazo wa boksi, ongeza 1, tafuta kipeo cha pili, zidisha kwa Qts ya spika (namba hiyo hiyo spika ikiwa peke yake). Tuseme spika ina Qts 0.45 na Vas lita 45. Boksi la lita 30 linakupa kama 0.71, na hapo ndipo wengi wanapolenga, panaitika sawasawa. Ukilibana mpaka lita 15 inakuwa 0.9, sasa linaanza kuinua mgongo pale juu ya masafa yake na linakawia kunyamaza. Kwa hiyo kubana kupita kiasi kunaleta mvumo uleule unaoukimbia.

Qts na Vas ziko kwenye karatasi ya spika. Kama umetupa karatasi, tafuta namba ya modeli nyuma ya sumaku.

#9 DeiwakaNyegezi
Ticha, singeli hamna kipeo cha pili.

#10 SatoMkavu
😂😂

#11 MayuWaProbox
Habarini. Naongezea jambo ambalo hakuna aliyelitaja.

Nina Probox ya biashara, asubuhi natoka mwaloni na samaki, jioni ni gari la familia. Kijana wangu alifunga sabufa nyuma, boksi la chipbodi limevikwa zulia jeusi, linapendeza. Mwanzoni iligonga vizuri. Taratibu ikaanza kulegea, ikawa na mluzi kwa mbali kama mtu anapuliza kwenye meno. Spika ikalaumiwa, amplifaya ikalaumiwa.

Kumbe maji ya barafu yalikuwa yanachuruzika yanapita chini ya zulia. Tulipolichana, chipbodi ya chini imevimba, kona imeachia gundi, kidole kinaingia. Hewa inatoka upande. Kwa hiyo mwanangu Ngosha, kabla hujaenda kwenye hesabu za Mwalimu, kagua viungo. Washa kijiti cha udi, piga sauti ya chini ya Hz 30, pitisha moshi taratibu kwenye kona zote. Palipo na tundu moshi unacheza.

#12 Kirumba_Sauti
Mayu umemaliza. MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18, gundi ya mbao, skrubu, halafu silikoni kwa ndani kwenye kila kiungo. Uiache ikauke ndipo ufunge spika. Silikoni mbichi ina mvuke mkali, mwingine unaharibu gundi ya koni.

Ila nadhani shida hapa si kavujo. Ngosha hilo siyo lake.

#13 MayuWaProbox
Si umejuaje si lake, umeliona?

#14 WayaMwekundu
Mnazunguka mbuyu. Wati 1200 zinatoka wapi?

Ngosha, chomoa fyuzi ya kwenye amplifaya yako uisome.

#15 Ngosha_Mkolani
Ni moja tu, imeandikwa 40.

#16 WayaMwekundu
Nilijua. Fyuzi ya ampea 40, gari likiwa linawaka volti 13.8, zidisha: 552. Hizo ndizo wati zinazoweza kuingia kwa muda mrefu kabla fyuzi haijakatika. Amplifaya ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, ikiwa nzuri inatoa kama asilimia 80 ya hizo, unabaki na wati 440 na kitu. Hizo 1200 ni za kwenye kava.

Sasa hata hizo 440 hazifiki kama waya ni feki. Soko limejaa waya wa aluminiamu uliopakwa shaba. Kata ncha, chukua uzi mmoja, ukwaruze na wembe. Ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba. Ukitoa weupe ni aluminiamu, na ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba. Kingine, ule mpira mnene unadanganya. Nimewahi kuchuna waya mnene kama kidole, ndani nyuzi zimekaa katikati pembamba, kilichobaki plastiki tupu.

Chukulia mita 5 za waya wa geji 8 wa aluminiamu, zinapita ampea 45. Unapoteza karibu volti 0.7 kwenye waya wa chanya peke yake. Geji 4 ya shaba safi, umbali uleule, haifiki 0.2. Bado athi. Athi nyingi nazozikuta zimefungwa juu ya rangi. Kwaruza rangi mpaka bati ling'ae, funga kwa bolti, waya uwe mfupi. Na fyuzi ya waya mkubwa iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45, siyo huko nyuma kwenye buti. Ile inalinda gari lisiungue, hailindi amplifaya.

Umeme ukilegea, besi inalegea. Taa zako zinapepesa usiku mziki ukipiga?

#17 Ngosha_Mkolani
Zinapepesa kidogo. Nilidhani ndiyo urembo.

#18 JiweKuu
Basi hapo kapasita ya faradi 1 inahusika, #2 utanisamehe. Ndiyo kazi yake, kushika umeme pigo linapokuja.

#19 Teacher_Nyakato
JiweKuu, piga hesabu. Faradi 1 ikishuka kutoka volti 14.4 mpaka 12 inatoa joule kama 32. Amplifaya inayovuta wati 550 inazimaliza kwa sekunde 0.06. Baada ya hapo kapasita nayo ni mdai, inasubiri altaneta kama wengine.

#20 JiweKuu
Na pigo la kiki (ngoma ya mguu) la singeli lina urefu gani Mwalimu? Si ndiyo hizo hizo sekunde 0.06 mpaka 0.1? Umenisaidia bila kujua.

#21 Teacher_Nyakato
Pigo la kwanza sawa. Singeli inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. La pili linaikuta kapasita bado haijajaa. Weka hela hiyo kwenye waya mzuri na betri nzima.

#22 JiweKuu
Tutakubaliana kutokukubaliana.

#23 Mzee wa Kaseti
Vijana hamjambo. Nawasoma tangu asubuhi, nyote mko kwenye buti. Besi ya kugonga kifua haikai kwenye buti.

Sabufa inatoa uzito, ile Hz 30 mpaka 70. Kile kishindo cha kiki, lile pigo la mguu kwenye ngoma, kiko juu kidogo, Hz 80 kwenda 120, na ncha yake kali iko juu zaidi ya hapo. Hiyo kazi ni ya spika za mlango. Spika za mlango za kiwandani ni karatasi nyepesi, nyuma yake mlango una matundu kila mahali. Hewa ya nyuma ya koni inazunguka inakutana na ya mbele, zinauana. Unabaki na uzito wa nyuma usio na ncha. Ukiusikia unasema unavuma.

Toa kava la mlango. Nyuma ya ile nailoni utaona matundu makubwa. Ziba kwa bati jembamba au plastiki ngumu, juu bandika zile shiti za lami zenye karatasi ya fedha. Usizibe matundu ya chini ya kutolea maji ya mvua, mlango utaoza. Spika isimamie ringi ya MDF siyo ile plastiki. Utashangaa sabufa imekuwa kavu na hujaigusa.

Na spika za mlango zisipewe besi ya chini zikatapatapa. Redio ya kiwandani haina HPF, kichujio cha kuzuia sauti za chini? Sisi zamani tulikuwa tunaunga kapasita mbili za mikrofaradi 1000, hasi kwa hasi, zinakuwa kama moja ya 500 isiyo na upande. Unaipitisha kwenye waya wa spika ya ohm 4, inakata kama Hz 80. Bei ya soda.

#24 BoksiKwanza
Shikamoo mzee. Kapasita imerudi kwa mlango wa nyuma lakini hii naikubali.

#25 Mzee wa Kaseti
Marahaba. Hii si ile ya kwenu ya taa za bluu.

#26 SengeremaKwetu
Mzee wa Kaseti umenikumbusha foleni ya kivuko Kigongo. Pale ndipo palikuwa maonyesho ya miziki ya Kanda ya Ziwa. Umekaa kwenye foleni, huyu kafungua buti, yule kafungua milango, ukitoka hapo unajua nani kafunga kwa fundi na nani kadanganywa. Tangu daraja la JPM lifunguliwe 2025 unapita dakika chache uko Busisi, hujasikia hata sabufa ya mtu.

#27 SatoMkavu
Serikali imetuletea daraja, wewe unalilia foleni.

#28 SengeremaKwetu
Sililii. Nasema tu palikuwa na elimu pale. Ndipo nilipojifunza kwamba gari likifunguliwa buti besi inabadilika kabisa. Ngosha, yako inavuma ukiwa umefunga vioo au hata ukifungua?

#29 Ngosha_Mkolani
Nikifungua vioo viwili vya mbele inapungua uzito ila inasikika safi zaidi. Nikifunga vyote inajaa.

#30 Teacher_Nyakato
Swali zuri sana #28, na jibu lake linasema mengi.

Gari ni chumba kidogo. Wimbi la Hz 50 lina urefu wa karibu mita 7, haliingii humo ndani, kwa hiyo sabufa inageuka pampu, inajaza na kutoa hewa ya gari zima. Kadiri masafa yanavyoshuka ndivyo gari linavyozidi kuyainua. Boksi lililozibwa lenyewe linashuka desibeli 12 kila ukishusha masafa nusu, gari linapandisha, vinakaribia kusawazishana. Boksi la tundu halishuki mpaka lifike masafa liliyotegewa, likivuka hapo linaporomoka desibeli 24. Maana yake pale karibu na tundu unapata mvumo wa tundu, juu yake mvumo wa gari. Ukifungua kioo pampu inavuja.

Kwa hiyo kwenye IST narudi upande wa #2, ingawa simpendi anavyojigamba.

#31 BoksiKwanza
Nimeipokea hiyo. Leteni MDF.

#32 Kirumba_Sauti
Mwalimu, nadharia tamu. Lakini umesahau jambo kubwa, muda. Sabufa iko nyuma ya kichwa, tuseme mita 2. Spika ya mlango iko mita 1 kutoka sikioni. Zikianza pamoja hazifiki pamoja.

#33 Teacher_Nyakato
Hapo upo sahihi. Tofauti ya mita 1 ni kama milisekunde 2.9. Kwa Hz 80 mzunguko mmoja ni milisekunde 12.5, kwa hiyo sabufa iko nyuma kwa karibu robo ya mzunguko. Haifutwi kabisa, ila pigo linatanuka. Redio yenye kuchelewesha spika za mbele milisekunde 3 ingemaliza. Yake haina.

#34 Kirumba_Sauti
Ndiyo maana mimi huwa nageuza fezi, yaani koni ianze kwenda upande wa pili, nasikiliza. Ngosha, kama amplifaya ina swichi ya 0 na 180, ibadilishe ukiwa umekaa siti ya dereva, mziki unapiga. Kama haina, badilisha waya wa sabufa, chanya kwa hasi. Upande wowote utakaosikia kiki imekaza, acha hapo.

#35 DeiwakaNyegezi
Hii ya fezi naiunga mkono, nimeiona kwa macho. Hiace moja ilikuwa na sabufa mbili za inchi 15, boksi moja, suka analia kwamba alipokuwa na moja ilikuwa inagonga kuliko sasa. Fundi mmoja akaja na betri ya rimoti ya 1.5V. Akachomoa waya, akagusisha chanya kwa chanya: koni ya kwanza ikaruka nje, ya pili ikaingia ndani. Zilikuwa zinavutana shati. Akageuza waya wa moja, konda akashuka mwenyewe mlangoni.

Koili mbili nazo zinaweza kufanya hivyo hivyo ndani ya spika moja. Angalia fundi wako hakuunga koili moja kinyume.

#36 WayaMwekundu
Koili zikipingana kabisa husikii kitu cha maana, wala asingegeuza watu Nyegezi. Lakini inawezekana ameunga koili moja tu, nyingine inaning'inia. Angalia. Zikiungwa sambamba zinakuwa ohm 2, zikiungwa mfululizo ohm 8. Ukiwa kwenye 8 amplifaya yako inatoa sehemu ndogo tu ya wati zake, na watu wakiona haitoshi ndipo wanapojaza bass boost mpaka mwisho. Sitaji mtu.

#37 JiweKuu
Nyimbo zenyewe anazitoa wapi? Kama ni zile za kutumiwa WhatsApp zilizobanwa, hata umfungie redio ya studio itakuwa uji huo huo.

#38 Kirumba_Sauti
Kubana faili kunaua juu kabla ya chini. Matoazi yanageuka mchanga, sauti inakuwa na maji, besi ndiyo ya mwisho kuguswa. Kinachoharibu besi ni nyimbo zilizopandishwa sauti na ma-DJ mpaka mawimbi yamekatwa vichwa tayari kabla hayajafika kwenye gari lako. Na ekwalaiza ya simu. Kama simu ina "besi zaidi", redio ina LOUD, amplifaya ina boost, umejaza mara tatu.

#39 Ngosha_Mkolani
Wakuu nashukuru, mmenipa kazi. Mrejesho:

Nimerudisha bass boost sifuri, LPF nimeiweka inapokaribia 80 kwa kukadiria, nimeziba tundu kwa sponji (si ya godoro, SatoMkavu tulia). Koili zote mbili zimeungwa, sambamba.

Singeli imefunguka. Sasa nasikia kila pigo. Lakini imepungua nguvu, Deiwaka angecheka. Amapiano imepoa mpaka inaniuma.

Halafu nikageuza waya wa sabufa kama alivyosema #34. Siti ya dereva kiki imekaza kweli, inapiga hapa kwenye mbavu. Mama watoto alikuwa siti ya nyuma, anasema imepotea, kabla ya kugeuza ndiyo ilikuwa nzuri. Tukabadilishana siti. Amekaa mbele kasema "kumbe". Nimekaa nyuma, kweli imepotea.

#40 BoksiKwanza
Singeli imefunguka. Nani alisema sponji?

#41 Kirumba_Sauti
Amebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, utajuaje ni sponji? Ngosha, toa sponji, acha boost sifuri, acha LPF hapo hapo. Nabeti mvumo haurudi wote.

Kuhusu nguvu, weka geini (kitufe cha amplifaya cha kukuza siginali) kwa mita. Chomoa waya za sabufa, piga sauti ya Hz 50 kutoka kwenye simu, redio iwe robo tatu, ekwalaiza zote bapa. Wewe una kama wati 400 kwenye ohm 2. Zidisha 400 kwa 2, kipeo cha pili ni volti 28. Mita ikiwa kwenye AC, zungusha geini mpaka isome 28, simama. Hapo hujaacha nguvu mezani na hujakata mawimbi.

#42 BoksiKwanza
Akitoa sponji arudishe na LPF pale ilipokuwa, ndipo tujue. Au unaogopa?

#43 Teacher_Nyakato
Angalizo kwa mliobaki. Boksi la tundu la inchi 12 kwa kawaida lina lita 50 na zaidi. Ukiliziba unapata boksi kubwa la kuzibwa. Qtc inashuka, besi inakauka, lakini koni inasafiri zaidi kwa wati zile zile. Asijaze sauti mpaka spika ikagonga chini. Akitaka la kudumu, sentimita 40 kwa 40 kwa 30 kwa nje, MDF ya 18, ndani ni lita 35. Toa lita 2 au 3 za mwili wa spika. Na pamba ndani kidogo, spika itaona boksi kubwa kuliko lilivyo.

#44 MayuWaProbox
Na alivike plastiki chini kama anabeba samaki.

#45 Mzee wa Kaseti
Milango hajaigusa mpaka sasa. Nasubiri.

#46 Ngosha_Mkolani
Mzee, milango mwisho wa mwezi. Ila kuna kitu kipya. Tangu besi ikauke nasikia mlio wa bati nyuma, kila kiki "trrr". Zamani haukuwepo.

#47 DeiwakaNyegezi
Ulikuwepo, ulikuwa umefunikwa. Hiyo ni namba ya gari. Bonyeza namba kwa kiganja mtu mwingine akiwa anapiga sauti ya Hz 40. Mlio ukinyamaza, weka kipande cha sponji nyuma yake, kaza skrubu.

#48 WayaMwekundu
Ikiwa siyo namba, plastiki ya mlango wa nyuma kwa ndani, au taa ya breki ya juu. Kwenye gari dogo kama hilo buti zima ni spika ya tatu. Na hilo linaweza kuwa ndilo lililokuwa linatanua pigo tangu mwanzo, hakuna aliyelitaja.

#49 Kirumba_Sauti
Nyongeza hiyo ina uzito. Geuza koni itazame mlango wa nyuma, boksi likae karibu nao, usikilize. Halafu igeuze itazame siti. Kila gari na tabia yake, hilo hakuna wa kukuandikia humu.

#50 SatoMkavu
Ngosha hilo boksi la zamani ukishachonga jipya unauza? Nina banda la kuku, tundu la hewa tayari lipo.

#51 SengeremaKwetu
Nimewahi, njoo PM. Navuka jioni na nafasi kwenye buti ipo.

#52 Ngosha_Mkolani
Mtulie, sijachonga. Kesho natoa sponji kwanza, nimalize ubishi wa #40 na #41. MDF ya vipande vilivyokatwa tayari naipata wapi hapa mjini, au mpaka ninunue shiti nzima?